Sura ya Sita: Asilimia Tisini ya Nani?

Malindi ninayoizungumzia haina bahari. Ni ile ya Lushoto, juu kwenye Milima ya Usambara, unakofika baada ya kupanda kona za Mombo hadi Soni, ukapita Lushoto mjini, ukaacha nyuma msitu wa Magamba na kushika njia ya upande wa Lukozi. Huko kuna baridi, viazi, kabichi na karoti. Mtu akikuambia ana mzigo wa magunia kumi ya viazi, mnunuzi anayeijua kazi yake haanzi na bei. Anauliza kwanza: ni gunia la mizani au ni lumbesa? Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka nenda miaka rudi, na bado linapanda lori kwenda Dar es Salaam. Kwenye daftari, magunia kumi ya lumbesa na magunia kumi ya kilo mia mia yanaandikwa vilevile. Kwenye mizani ni mizigo miwili tofauti.

Sasa mpe mnunuzi huyohuyo, akiwa mzazi, simu yenye tangazo la chuo cha kompyuta, lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka likamfikia: jifunze kodingi kwa miezi sita, asilimia 90 ya wahitimu wetu wamepata ajira. Hapo mizani inawekwa pembeni. Asilimia ina heshima yake. Inaonekana kama kitu kilichopimwa na mtu msomi, na si adabu kumhoji msomi. Wakati huo ada inayotakiwa inaweza kuwa ndiyo fedha ya msimu mzima wa viazi, na kijana mwenyewe amemaliza kidato cha sita, yupo nyumbani, anachukia kuitwa kila asubuhi kwenda shambani. Haraka ya pande zote mbili ndiyo inayoliuza tangazo.

Sura hii inahusu namna ya kuipima asilimia hiyo kabla ya kulipa. Haihitaji hesabu ngumu. Inahitaji ile ya darasa la nne, ya sehemu: namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Karibu ujanja wote wa takwimu za ajira za kozi fupi umejificha kwenye asili, na uliobaki uko kwenye kiasi.

Tuanze na asili, kwa mfano wa kutunga. Tuseme darasa lilianza na watu 100. Thelathini wakaachia njiani: mmoja ada ilikatika, mwingine laptopu ilikufa, wengine waliona mambo ni magumu. Wakahitimu 70. Kati ya hao, ofisi ya chuo inasema 20 "hawatafuti kazi", maana wameenda kusoma zaidi, wameolewa na kuhama, au hawapokei simu. Wamebaki 50. Hao wakatumiwa fomu ya kujaza mtandaoni, wakajibu 40. Katika waliojibu, 36 wana kazi. Chukua 36, gawanya kwa 40: asilimia 90. Kila hatua ina maelezo yake na kila afisa anaweza kuapa kwamba hajasema uongo. Lakini gawanya hao 36 kwa 50 upate asilimia 72. Gawanya kwa 70, ni 51 na kitu. Gawanya kwa watu 100 waliolipa ada siku ya kwanza, unabaki na 36.

Na mtoto wako, siku unayolipa, yuko kwenye kundi la 100. Hayuko kwenye lile la 40.

Kundi la waliojibu fomu lina tatizo lake la pekee. Nani hujibu? Aliyepata kazi nzuri hujibu siku hiyohiyo na picha ya ofisi anaambatanisha. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu huiona fomu, hufunga simu, huenda zake. Kwa hiyo kiwango cha kujibu kinapokuwa kidogo, asilimia ya ajira huelekea kupanda, na chuo kinachofanya uvivu wa kuwafuatilia wahitimu wake hupata zawadi ya takwimu nzuri. Ndiyo maana kwenye ripoti yoyote mimi huanza kutafuta idadi ya wasiojulikana walipo. Ripoti isiyo na safu hiyo siisomi zaidi.

Safu ya "hawatafuti kazi" nayo ichungwe. Kijana aliyetuma maombi kwa miezi minne bila kuitwa hata usaili mmoja, mwezi wa tano akakata tamaa na kurudi kulima, kwa lugha ya ripoti hatafuti kazi. Ameondoka kwenye asili, na kuondoka kwake kumeipandisha asilimia. Mtu aliyeshindwa amegeuka kuwa sababu ya chuo kuonekana kimefaulu. Vyuo havikuibuni desturi hii: hata takwimu za taifa hukutana nayo. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu ndani ya wiki iliyopita anahesabiwa ameajiriwa, na asiye na kazi lakini haitafuti hahesabiwi katika wasio na ajira. Ofisi ya Taifa ya Takwimu yetu inaijua kasoro hiyo kwa mazingira ya hapa, na kwa hiyo tafiti zake za nguvukazi hutoa hesabu mbili: ya kimataifa, na ya kitaifa inayowaingiza katika wasio na ajira hata wale ambao kazi yao ni ya kubahatisha. Hesabu mbili, majibu mawili, nchi ileile. Ofisi ya serikali ikiweza kuandika fasili zake zote mbili wazi, chuo cha miezi sita hakina kisingizio.

Niliwahi kupiga simu kwenye chuo kimoja, nacho nakiacha bila jina. Dada aliyepokea alikuwa mchangamfu.

"Samahani dada, nimeona tangazo lenu. Hiyo asilimia 90 ni ya wangapi?"

"Ni ya wahitimu wetu kaka, karibu sana."

"Asante. Wahitimu wangapi?"

"Wote kaka."

"Na walioanza walikuwa wangapi?"

Kimya kidogo. "Hapo labda nikuunganishe na mkuu wa masoko."

Mkuu wa masoko hakuwa mezani. Simlaumu dada, hakuna aliyewahi kumpa namba hiyo, na huenda hakuna aliyewahi kumuuliza. Ila jibu lenyewe lilikuwa limeshatoka. Swali la ajira za wahitimu lilipelekwa kwa mtu wa masoko. Ofisi ya taaluma haikutajwa.

Tugeukie kiasi, namba ya juu. Hapa swali ni nini kimehesabiwa kuwa kazi, na mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote unatoka New York. Flatiron School, shule ya kodingi, ilikuwa ikitangaza kwamba asilimia 98.5 ya wahitimu wake wameajiriwa, na kwamba wastani wa mshahara wa kuanzia ni dola 74,447 kwa mwaka. Oktoba 2017 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Eric Schneiderman, alitangaza makubaliano ambayo shule ililipa dola 375,000. Namba zenyewe hazikuwa za kubuni. Tatizo lilikuwa ni nini kimo ndani yake bila kuelezwa waziwazi. Ile 98.5 ilijumuisha wanagenzi, watu wa mikataba mifupi na waliojiajiri wakipokea vibarua, baadhi yao kwa muda usiofika wiki 12. Ule wastani wa mshahara, kinyume chake, ulihesabu tu wenye ajira ya kutwa, nao walikuwa asilimia 58 ya wahitimu wa darasani na asilimia 39 ya waliosoma mtandaoni. Tazama mkono ulivyotembea: asilimia ya ajira ikapimwa kwa kundi pana, mshahara ukapimwa kwa kundi jembamba, kisha zikabandikwa bega kwa bega kwenye tangazo moja kama zinamhusu mtu mmoja. Msomaji akaunganisha mwenyewe.

Hapa kwetu namba ya juu ina njia zake za kunenepa. Fikiria kijana aliyehitimu, akarudi Lushoto mjini, akapata nafasi kwenye steshenari. Anapiga fotokopi, anaskani vyeti, anawajazia watu fomu za mkopo wa HESLB na kuwaombea kazi kwenye Ajira Portal, na pembeni ana laini ya uwakala wa M-Pesa. Ni kazi halali na yenye msaada mkubwa. Vijana wengi wa wilaya wamepita mikononi mwa watu kama huyo kabla ya kufika chuo kikuu. Lakini kwenye fomu ya chuo ataandikwa "ameajiriwa, sekta ya TEHAMA". Hakuna mstari wa programu aliouandika tangu ahitimu, na kazi hiyo angeweza kuipata bila kozi. Kundi jingine ni wanaojitolea au walio kwenye mafunzo kwa vitendo kwa posho ya nauli. Jingine, na hili liulizwe kwa jina, ni wahitimu walioajiriwa na chuo chenyewe kuwa wakufunzi wasaidizi wa darasa linalofuata. Ajira hiyo ni ya kweli kwa aliyeipata, ila inalipwa kwa ada ya wanaokuja nyuma yake. Na lipo kundi la waliokuwa na kazi kabla ya kujiunga: mhasibu wa Tanga aliyesoma jioni na bado ni mhasibu wa Tanga.

Kesi nzito kuliko ya Flatiron ni ya Lambda School, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2017 na Austen Allred na mwenzake, baadaye ikajiita BloomTech. Mvuto wake ulikuwa mkubwa na mimi nauelewa: usilipe ada sasa, soma kwanza, ukipata kazi inayolipa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka utatoa asilimia 17 ya mapato yako mpaka ufikishe kikomo, hadi dola 30,000. Shule ilisema maslahi yake na ya mwanafunzi ni mamoja, maana hailipwi mpaka mwanafunzi alipwe. Aprili 2024 CFPB, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja katika mambo ya fedha, ilitoa amri dhidi yake. Shule ilikuwa imetangaza viwango vya kupata ajira kati ya asilimia 71 na 86. Takwimu zake za ndani zilionyesha karibu na 50, na kwa baadhi ya madarasa zilishuka hadi 30. Mikataba ya wanafunzi, iliyoelezwa kwao kwamba si mikopo, ilikuwa mikopo yenye gharama ya wastani wa dola 4,000 hivi kila mmoja. Mingi ilikuwa imeuzwa kwa wawekezaji, kwa hiyo shule ilikuwa imeshapokea fedha mapema, mwanafunzi apate kazi asipate. Ikapigwa marufuku kabisa kukopesha wateja, na Allred mwenyewe akazuiwa kujihusisha na mikopo ya wanafunzi kwa miaka kumi.

Kuna jambo moja ndani ya amri ile ambalo mimi hulirudia kila ninapoliongelea suala hili. Allred aliwahi kuandika hadharani kwamba darasa mojawapo limefikia asilimia 100 ya ajira. Faraghani alikiri kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya mwanafunzi mmoja. Asilimia mia moja, ya mtu mmoja! Kwa hisabati ni sahihi kabisa. Na usidhani ni kisa cha mbali: madarasa mengi ya kozi fupi katika miji yetu huwa na watu 10 au 12. Katika darasa la watu 12, mtu mmoja kupata au kukosa kazi kunaisogeza asilimia kwa pointi zaidi ya 8. Takwimu ya darasa moja dogo karibu haikuambii kitu. Omba ya madarasa yote ya miaka miwili.

Fundisho la Lambda, kama nilivyolisoma, linahusu zaidi nani alipewa namba zipi. Wawekezaji waliona kitabu kimoja, wanafunzi wakaona kingine. Chuo karibu siku zote kinajua. Kina orodha, kina mtu anayepiga simu, kina ripoti kwa mfadhili, na mfadhili hudai majina na saini. Kwa hiyo kama kozi inafadhiliwa, ombi zuri ni fupi: naomba kuona takwimu mlizompa mfadhili. Mtindo wa kulipa ada kwa sehemu ya mshahara nao umeshafika Afrika Mashariki, kwa mfano kupitia Chancen International huko Rwanda, na si mbaya kwa asili yake. Ila kauli ya "tunalipwa ukilipwa" ifuatiwe na swali: na huo mkataba wangu mtakaa nao, au mtauuza?

Kutoka nje turudi Nairobi, mji uliokuwa kitovu cha matumaini ya kodingi katika kanda yetu. Moringa School, chuo cha kozi za kulipia, ilianza huko mwaka 2014. Mwaka huohuo Andela ilianza Lagos, ikafika Nairobi mwaka uliofuata na baadaye Kampala. Andela haikuwa kozi ya kulipia. Ilichagua vijana, ikawafundisha, ikawalipa na kuwakodisha kwa kampuni za nje. Ilijisifu kwamba huchukua chini ya asilimia 1 ya waombaji, na mwaka 2016 mfuko wa Mark Zuckerberg na mkewe uliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 ndani yake. Hapo pana fumbo ambalo takwimu za ajira haziwezi kulifumbua zenyewe. Ukichuja waombaji 100 ukabaki na mmoja, huyo mmoja angepata kazi hata kama ungemfundisha kusuka mikeka. Je, ajira yake ni ya chuo au ni ya chujio? Chuo kinachopokea kila anayelipa na kikapata asilimia 50 kinaweza kuwa kimefundisha zaidi kuliko kinachochuja na kupata 95.

Halafu soko likageuka. Septemba 2019 Andela ilitangaza kuwaachisha vijana wapatao 250 Nigeria na Uganda, na kwamba wengine 170 Kenya huenda wakaguswa. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: wateja walitaka wataalamu wazoefu, na wanaoanza walikuwa wengi kuliko nafasi. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa ndio ile asilimia 1 iliyochujwa, wakiwa ndani ya kampuni yenye fedha na wateja. Mzazi anayepima tangazo leo aanze na swali ambalo tangazo haligusi: hiyo asilimia ni ya mwaka gani? Takwimu ya wahitimu wa 2021, wakati kampuni za teknolojia zilikuwa zikigombania watu, haisemi kitu kuhusu anayehitimu baada ya wimbi la kupunguza wafanyakazi la 2022 na 2023. Marekani kwenyewe, kampuni ya 2U ilinunua biashara ya kozi hizi ya Trilogy mwaka 2019 kwa dola milioni 750. Desemba 2024 ikatangaza kuachana nazo. Mabango hayafi pamoja na soko. Nimeona tangazo lenye asilimia isiyo na mwaka, na sioni kwa nini mtu mkweli auache mwaka.

Je, hakuna aliyejaribu kusawazisha vipimo? Yupo. Mwaka 2017 baadhi ya shule za Marekani ziliunda CIRR, baraza lenye fomu moja ya ripoti: kila aliyejiandikisha lazima aonekane mahali fulani kwenye jedwali, ajira ya kutwa itenganishwe na vibarua, walioajiriwa na shule waandikwe peke yao, na hesabu ifungwe siku 180 baada ya kuhitimu. Ni fomu nzuri. Udhaifu wake ni kwamba ni ya hiari, na shule nyingi zilikuja kuacha kutoa ripoti. Hata hivyo fomu yenyewe inaweza kuazimwa bila ada. Kwa Tanzania, chuo chenye usajili wa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, kina mahali pa kulalamikiwa, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikifanya tafiti za kuwafuatilia wahitimu wake. Kozi fupi ya mtaani au ya mtandaoni mara nyingi haina hata kimoja. Usajili, hata hivyo, unathibitisha mitaala na majengo. Hauthibitishi bango. Kwa bango ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara na kusimamiwa na Tume ya Ushindani. Wachache sana huikumbuka, kwa sababu aliyelipa akakosa kazi hujilaumu mwenyewe kwanza: labda sikujituma.

Nikirudi kwenye mambo ya kufanya, sipendekezi kumkataa kila mwenye asilimia. Kozi nzuri zipo, na nimeona watu zimewatoa. Chuo cha kuaminika hujulikana kwa namba zake zisizopendeza. Kikikuambia "tulianza 40, wakamaliza 29, 14 wanaandika programu kwa mshahara, 6 wako kazi nyingine, 5 bado wanatafuta, 4 hatujui walipo", hao 14 si hata nusu ya walioanza, lakini ni taarifa unayoweza kuifanyia uamuzi. Ukiambiwa asilimia 95 na kupewa picha za vijana watatu wenye fulana, huna kitu mkononi.

Kisha omba mawasiliano ya wahitimu. Utaambiwa haiwezekani kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria ipo na ni ya maana, ila mhitimu anaweza kuridhia mwenyewe. Chuo kinaweza kumpelekea namba yako ili akutafute yeye. Na usikubali kuchaguliwa nyota wa darasa. Omba mtu wa darasa fulani, la mwaka jana, ikiwezekana anayetoka wilaya kama yako, kwa kuwa mhitimu aliyekulia Dar es Salaam na mwenye shangazi wa kulala kwake wakati wa kutafuta kazi amekaa miezi ya kusubiri bila kulipa kodi ya chumba. Wa Malindi atalipa, na kipindi cha kati ya cheti na mshahara wa kwanza hakimo kwenye bango lolote nililowahi kuliona.

Ukimpata mhitimu huyo, muulize kwanza alikuwa akifanya nini kabla ya kozi. Wengine watakuambia walikuwa na shahada ya kompyuta tayari. Muulize kazi aliipataje: chuo kilimuunganisha, au ni rafiki wa kaka yake. Muulize darasani walikuwa wangapi, kisha umwombe awataje mmoja mmoja na walipo sasa. Watu huwakumbuka wenzao. Ndani ya dakika kumi atakuwa amekupa asili na kiasi kwa majina, na unaweza kugawanya mwenyewe.